Tusimwache Yatima Njiani

Sisi Watanzania tunajua kuzika. Mtu akifariki asubuhi, jua halijatua turubai limekwisha kufungwa, viti vimeletwa, kamati imeundwa na daftari la rambirambi limefunguliwa mezani. Akina mama wamegawana kazi za jikoni, vijana wamekwenda makaburini na majembe, na simu zimepigwa mpaka kwa ndugu walioko ughaibuni. Hapana anayeuliza nani alete maji na nani alete mkaa. Kikundi cha kufa na kuzikana kinatoa chake, jumuiya inatoa chake, mjumbe anapita nyumba kwa nyumba, na hata jirani ambaye hakuwa akisalimiana na marehemu anakuja na sahani zake. Huu ni utu mkubwa, nasi tuna haki ya kujivunia.

Baada ya hapo matanga huanuliwa. Turubai hufunguliwa, wageni wa mbali hupanda basi, kamati husoma mapato na matumizi, kisha huvunjwa. Marehemu ameacha mtoto wa darasa la tano, na mtoto huyo amebaki na bibi yake. Januari ikifika atatakiwa kuwa na sare, viatu na madaftari. Kamati iliyoweza kulisha watu mia mbili kwa siku tatu haipo tena, na katika wote waliokula hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza kama mtoto yule amerudi shuleni.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye haja ya wito huu. Nakuomba wewe, ukoo wako na kikundi chako mwanzishe desturi moja: tusianue matanga ya mzazi aliyeacha watoto kabla hatujamtaja kwa jina mtu mzima atakayesimamia elimu yao, na kabla hatujatenga fungu la kumwezesha kuisimamia. Ukoo huteua msimamizi wa mirathi. Na uteue pia msimamizi wa shule, naye asiachiwe mzigo peke yake mpaka mtoto amalize.

Tulichojifunza Kagera

Nchi yetu haikuanza leo kulea yatima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, vijiji vya Bukoba na Muleba vilizika watu waliokuwa katika umri wa kufanya kazi: wakulima, walimu, wafanyabiashara, akina mama wenye watoto wachanga. Migomba ikabaki mikononi mwa wazee na watoto. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado. Huduma ya kuzitoa bure nchini ilianza mwaka 2004. Katika miongo hiyo miwili waliobeba mzigo walikuwa bibi, shangazi, mama wadogo na majirani.

Mkoa huohuo ndio uliotupatia ushahidi wa wazi kuhusu kinachompata mtoto akifiwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Kagera na kuandika habari za watu walioishi humo. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu walewale, wakiwamo waliokwisha kuhama. Katika waliopatikana walikuwamo 718 ambao hapo mwanzo walikuwa watoto wenye wazazi wote wawili. Asilimia 19 kati yao walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kufikisha miaka 15. Walipolinganishwa na wenzao wa hali ileile ambao mama zao walikuwa hai, waliofiwa na mama walikuwa wamesoma mwaka mmoja pungufu kwa wastani, na kimo chao cha utu uzima kilikuwa kifupi kwa sentimita mbili. Hasara hiyo ilipopimwa kwa matumizi ya maisha, lilionekana pengo la asilimia 8.5.

Tuzitafakari namba hizo, maana ndani yake mna maisha ya watu. Sentimita mbili ni maziwa na mboga ambazo mtoto alizikosa akiwa katika umri wa kukua. Mwaka mmoja wa shule ni siku nyingi za kubaki nyumbani kuchota maji, kulea mdogo wake au kungoja daftari. Na asilimia 8.5 ni upungufu unaomfuata mtu mpaka naye anapokuwa mzazi, ukapunguza sahani ya watoto wake. Hivyo ndivyo umaskini unavyorithishwa katika nyumba ambayo hakuna aliyeiachia umaskini kwa makusudi.

Lakini namba hizohizo zinatupa moyo. Mwaka mmoja wa shule ni kitu kinachozibika. Mama harudi, na hakuna kikundi kinachoweza kumrudisha. Sare inaweza kurudi, chakula cha mchana kinaweza kurudi, na mtu wa kumwamsha mtoto asubuhi na kukagua daftari lake jioni anaweza kupatikana kijijini hapohapo. Sehemu kubwa ya hasara ya yatima imo katika vitu ambavyo jamii ina uwezo navyo.

Chumvi, sabuni na viatu vya shule

Serikali imefanya sehemu yake, tena kubwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Januari 2016 ikafutwa ada ya sekondari ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, ambayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Katika mwaka wa fedha 2022/23 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Jirani zetu wa Kenya walifuta ada ya msingi Januari 2003, na mwaka uliofuata wakaanza kujaribu ruzuku ya fedha kwa kaya zinazolea yatima. Kwetu, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umezifikia kaya nyingi maskini kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliozinduliwa mwaka 2012.

Kwa nini basi yatima bado wanakatiza masomo? Kwa sababu ada ilikuwa kizuizi kimoja tu. Mtoto hupita getini bila ada, lakini hapiti bila viatu. Anahitaji sare, sweta kama anaishi nyanda za baridi, madaftari, kalamu, mchango wa uji, nauli ya daladala kama shule iko mbali, taulo za kike kama ni msichana aliyevunja ungo. Kwa mtoto mwenye wazazi, mambo haya huzungumzwa mezani na kumalizwa kabla shule haijafunguliwa. Kwa mtoto anayelelewa na bibi wa miaka 70 asiye na kipato, kila kitu kati ya hivyo kinaweza kuwa mwisho wa masomo.

Nshamba, wilayani Muleba, wameonyesha njia. Mwaka 2003 ulianzishwa pale mradi wa kwaWazee, uliowapa wazee, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo kila mwezi. Taarifa ya tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba katika jina lake mambo ambayo pensheni hiyo iliwawezesha wazee kuyapata: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Fedha hizo hazikutosha kujenga nyumba wala kununua ng'ombe. Zilitosha kumwezesha bibi kupanga, kwa kuwa alijua kwamba mwezi ujao zitakuja tena. Nshamba hiyohiyo ndiko ulikozaliwa umoja wa Vijana Simama Imara, ambamo yatima wenyewe walikutana, wakachagua viongozi wao na kusaidiana. Mtoto aliyedhani yuko peke yake akakuta wenzake, na wenzake wakawa ukoo wa pili.

Hapo tuna somo kwa kila anayetaka kusaidia. Kidogo kinachokuja kila mwezi kina nguvu kuliko kikubwa kinachokuja mara moja wakati wa sikukuu. Tunawaona yatima wakipelekewa mchele, mafuta na soda siku ya Idi au Krismasi, nasi tunashukuru kwa ukarimu huo. Ila mtoto husoma siku zote za muhula. Anayetaka kumtoa katika umaskini aweke ahadi yake katika kalenda ya shule.

Mahali wanapopotea

Kalenda hiyo ina milango mitatu, na katika milango hiyo ndipo tunapowapoteza watoto wengi.

Mlango wa kwanza ni kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza. Matokeo yakitoka, mtoto aliyefaulu hupangiwa shule, na fomu ya maelekezo ya kujiunga huja na orodha ndefu: sare mpya za rangi nyingine, madaftari makubwa, vifaa vya hesabu, pengine rimu ya karatasi na jembe. Yote yanatakiwa Januari, mwezi ambao hata wenye mishahara wanalia. Ni katika wakati huu mgumu ndipo ndugu husema, "Ameshasoma vya kutosha, sasa asaidie nyumbani." Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Hivyo ndugu anayemsimamisha mtoto darasa la saba anamkata katikati ya safari ambayo taifa limeamua kila mtoto aimalize.

Mlango wa pili ni baada ya kidato cha nne. Anayechaguliwa kuendelea na kidato cha tano mara nyingi hupangiwa bweni katika mkoa ambao hajapata kufika. Atahitaji nauli, godoro, shuka, ndoo na sanduku la kufunga kwa kufuli. Asiyechaguliwa asihesabiwe kuwa safari yake imekwisha. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinafundisha umeme, useremala, ushonaji, ufundi magari, upishi na kilimo. Kijana mwenye ufundi mkononi anaweza kujitegemea na kuwasomesha wadogo zake. Tumsaidie apate fomu, apate nauli, na apate vifaa vya kuanzia kazi siku anapomaliza.

Mlango wa tatu ni chuo kikuu, na huu una ufunguo wa karatasi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huuangalia uyatima inapopima nani anahitaji mkopo zaidi. Mwombaji aliyefiwa hutakiwa kuthibitisha kwa cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar. Lakini wazazi wengi vijijini hufia nyumbani. Kibali cha mazishi hutoka, mazishi hufanyika, na hakuna anayekwenda wilayani kusajili kifo. Miaka kumi baadaye kijana mwenye alama nzuri anasimama mbele ya kompyuta ya duka la steshenari mjini, yatima wa wazazi wawili, na hana karatasi ya kusema hivyo. Anaanza kutafuta mashahidi wakati muda wa maombi unakwisha.

Kwa hiyo naomba kamati za mazishi ziongeze jambo moja katika orodha yao: kusajili kifo. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwaminifu, nauli ya kwenda wilayani na ada ndogo ya cheti. Cheti kikitoka, nakala moja ikae kwa msimamizi wa mirathi, nyingine kwa msimamizi wa shule, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Huenda karatasi hiyo ikawa zawadi kubwa kuliko zote ambazo marehemu atamwachia mwanawe kupitia mikono yenu.

Shamba la marehemu ni la watoto

Kuna jambo ambalo vikao vya ukoo hulizungumza kwa sauti ya chini, na hapa inafaa tuliseme wazi. Watoto wengi huitwa maskini siku chache baada ya kunyang'anywa walichoachiwa. Baba aliacha shamba la migomba, kiwanja, ng'ombe wawili, au pikipiki ya bodaboda. Baada ya arobaini, shamba lina mlimaji mwingine, na mama mjane amerudishwa kwao na watoto. Kisha ndugu walewale huchangishana kumnunulia mtoto daftari, nao husifiwa kwa wema wao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ana wajibu wa kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili na kurudisha hesabu mahakamani. Yeye ni mtumishi wa warithi. Ukoo wenye hekima hulifanya shamba la marehemu kuwa mfuko wa elimu: likodishwe au lilimwe kwa ubia, mazao yauzwe, fedha ziandikwe, na kila Desemba ukoo usomewe hesabu kabla orodha ya mahitaji ya shule haijatolewa. Mahali ambapo hili hufanyika, yatima anasoma kwa jasho la baba yake mwenyewe, bila kumpigia mtu magoti.

Wazee wetu mnaoongoza vikao hivi, heshima mliyopewa ni kubwa. Neno lenu moja linaweza kumlinda mtoto kwa miaka 15. Tunawaomba mlitamke.

Ukimchukua, msomeshe

Wengi wetu tumelelewa na watu wasiotuzaa, na hilo ni jambo la fahari katika utamaduni wetu. Shangazi au mjomba wa mjini anapojitolea kumchukua mtoto, kijiji hupumua. Lakini ahadi ya "atakwenda kusoma Dar es Salaam" imewapoteza watoto wengi, wasichana hasa. Mtoto anafika, anapewa beseni la vyombo na mgongo wa kubeba mtoto mchanga, na mwaka unapita bila uhamisho kufanywa. Watoto wa nyumba hiyo huvaa sare na kwenda shule. Yeye hufunga mlango nyuma yao.

Ewe uliyemchukua mtoto wa marehemu ndugu yako, kazi za nyumbani si dhambi, kila mtoto afanye. Kipimo cha haki ni chepesi: je, anaondoka asubuhi pamoja na watoto wako, na je, jioni ana muda wa kusoma kama wao? Kama jibu ni hapana, rekebisha wiki hii. Na ninyi mliobaki kijijini, msiishie kumuaga stendi. Pigeni simu. Ombeni kuzungumza na mtoto mwenyewe, ulizeni jina la shule na la mwalimu wake wa darasa.

Na binti yatima aliyepata ujauzito asifungiwe mlango. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Wengi wao hawana mama wa kuwaambia hivyo wala wa kuwashikia mtoto wakiwa darasani. Awepo jirani wa kufanya yote mawili.

Kila mtu ana nafasi yake

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi tuitazame mikono tuliyo nayo.

Vikundi vya VICOBA na vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Naomba mfuko huo utambue kwamba msiba wa mtoto hauishi siku ya mazishi. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa wiki, hukusanya shilingi 15,000. Kwa wiki 12 hizo ni shilingi 180,000. Kiasi hicho humvalisha mtoto sare na viatu, humjazia begi madaftari, na bado hubakiza cha mchango wa chakula. Hakuna mwanakikundi atakayelala njaa kwa shilingi 500, na kuna mtoto atakayesoma muhula mzima.

Viongozi wa dini, ninyi mna masikio ya watu kila wiki. Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake amekwisha kufariki, akafiwa na mama akiwa mtoto mdogo, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, na babu alipofariki akapokelewa na ami yake Abu Talib. Mlezi mmoja alipoondoka, mwingine alikuwa tayari. Wakristo wanajua kwamba Waraka wa Yakobo unapoeleza dini iliyo safi unawataja yatima na wajane. Mwambao na Visiwani tuna urithi wa wakfu: wenye minazi, mikarafuu na nyumba walizitoa zihudumie watu kizazi baada ya kizazi. Wakfu wa chumba kimoja cha duka, kodi yake ikaenda kwa elimu ya yatima wa mtaa, ni sadaka inayoendelea baada ya mtoaji kuondoka.

Walimu, ninyi ndio wa kwanza kuona. Daftari la mahudhurio linajua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba mtoto fulani amekosa Jumatatu tatu mfululizo. Tunawaomba mumuulize taratibu, faraghani, kabla ya adhabu. Mtoto asiye na mchango asisimamishwe mstarini mbele ya wenzake. Mpeni jina la mtu wa mtaani wa kumkimbilia: mwenyekiti, mzee wa kanisa, imamu, mama wa kikundi.

Watendaji wa mitaa na vijiji, maafisa ustawi wa jamii na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, orodha ya yatima ikiwa sahihi, msaada haupotei. Iandikeni nyumba kwa nyumba, muihuishe kila mwaka, na msimwache nje mtoto kwa sababu mlezi wake hana mtu wa kumsemea. Nasi wananchi tukumbuke kwamba sheria inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azifikishe kwa serikali za mitaa. Simu ya watoto, namba 116, haina malipo, na inapokelewa Tanzania na Kenya pia.

Ndugu zetu mlioko Muscat, London, Minneapolis na kwingineko, mnatuma fedha nyingi nyumbani misiba inapotokea. Tunawashukuru. Tunawaomba sehemu ya rambirambi hiyo muielekeze kwa mtoto, muigawe kwa mihula, na mumpigie mwalimu wake simu mara moja kila muhula. Sauti ya mjomba kutoka mbali ikiuliza "Hesabu unaendeleaje?" humpa mtoto sababu ya kufungua kitabu.

Na ninyi mliolelewa na jamii mkasoma, leo mko hospitalini, madarasani, viwandani, maofisini, gereji na mashambani. Mnaujua ugumu wa uyatima kuliko mwandishi yeyote. Rudini kwa mmoja. Mtoto anayemwona mtu mzima aliyepita alipopita yeye huamini kwa macho kile ambacho hotuba haziwezi kumwaminisha.

Tumsaidie kwa heshima

Mtoto aliyefiwa ana aibu zake na ana fahari yake. Hataki kuitwa mbele ya mkutano kushika sabuni akipigwa picha itakayozunguka kwenye makundi ya simu mpaka wanafunzi wenzake waione. Picha hiyo itabaki hata atakapokuwa na umri wa miaka 40. Viatu vinaweza kutolewa jioni nyumbani kwa bibi, bila kamera, na risiti ikapelekwa kwenye kikao cha kikundi kwa ajili ya hesabu. Tumuulize pia yeye mwenyewe anahitaji nini. Mara nyingi jibu lake hutushangaza: taa ya kusomea, miwani, au ruhusa ya kuishi nyumba moja na mdogo wake.

Ruhusa hiyo ni kitu kizito. Makao ya watoto yana kazi yake kwa mtoto asiye na ndugu kabisa au aliye hatarini, na walezi wa makao wanastahili shukrani. Lakini mtoto mwenye bibi, shangazi au kaka mkubwa asipelekwe makao kwa sababu tu nyumba hiyo ni maskini. Kenya ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya familia. Fedha za kumlisha mtoto mbali na kwao zinaweza kumlisha yeye na bibi yake palepale alipo, naye akakua akijua lugha ya kwao, makaburi ya wazazi wake na mipaka ya shamba lake.

Wito wangu

Nawaomba basi mambo matano. Katika kila msiba wa mzazi, ateuliwe msimamizi wa shule kabla matanga hayajaanuliwa. Fungu la rambirambi litengwe kwa mtoto na kuwekwa mahali penye hesabu. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Mali ya marehemu iandikwe na ilindwe kwa ajili ya watoto wake. Na kikundi kimoja, kiwe VICOBA, jumuiya, msikiti, kanisa au wafanyakazi wa ofisi moja, kimshike mtoto mmoja kuanzia alipo mpaka apate cheti au ufundi wa kumlisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mfadhili kutoka nje wala bajeti mpya. Yanasubiri kikao kimoja, kalamu na mtu atakayekubali jina lake liandikwe.

Unamfahamu mtoto mmoja aliyefiwa katika mtaa wako, kijiji chako au ukoo wako. Wiki hii nenda nyumbani anakoishi, mwamkie mlezi wake, uliza mtoto yuko darasa la ngapi na anakosa nini. Rudi kwenye kikundi chako na jibu hilo, kisha mkae mgawane kazi. Mkishaanza, msimwache njiani. Msimamieni mpaka amalize.